Ngoma Hupashwa Moto kwa Nini?

Siku ya sikukuu ya taifa, kabla wageni wa heshima hawajawasili uwanjani, wapiga ngoma hukusanyika nyuma ya jukwaa, wakawasha moto wa majani makavu na maboksi yaliyochanika, kisha wakazipanga ngoma zao kuuzunguka moto huo kama wazee waotao moto alfajiri. Baada ya kitambo mmoja wao huinyanyua ngoma yake, akaigonga kwa vidole, akatega sikio. Ikiwa sauti bado ni nzito huirudisha motoni. Ikiwa imepanda, huifunga kiunoni akaenda zake. Watoto wa shule waliopangwa mistari kwa ajili ya halaiki huyaona hayo yote kwa macho yao. Sikukuu ikiisha hurudi darasani, wakaandikiwa ubaoni kwamba kitu kikipata joto hutanuka. Hakuna hata mmoja anayenyosha mkono kuuliza: kama ni hivyo, mbona ngozi ya ngoma ikipata joto hukaza badala ya kulegea?

Twasema hakuna hata mmoja, lakini hapo hatusemi kweli yote. Yupo mmoja aliyeuliza. Tulipokuwa kidato cha pili, mwenzetu mmoja ambaye baba yake alikuwa mpiga ngoma aliinuka akauliza swali hilo hilo, kwa maneno yaliyo karibu sana na haya. Mwalimu wetu, mtu mwema kwa mambo mengine, alimtazama kwa muda, akamwambia kwamba hapa tumekuja kusoma fizikia, na mambo ya ngoma ayapeleke kwa mwalimu wa utamaduni. Darasa zima likacheka. Nasi tulicheka, na twaliungama jambo hilo hapa kwa aibu. Mwenzetu akaketi. Hadi tulipomaliza kidato cha nne hatukumsikia tena akiuliza swali lolote katika somo lile.

Makala haya yanakipinga kicheko hicho. Tunadai kwamba kicheko cha namna ile kimeipotezea nchi yetu wataalamu wengi kuliko uhaba wa maabara, nacho kinaendelea kusikika madarasani mpaka leo.

Tuanze na swali lenyewe, maana si haki kulitetea swali bila kulijibu. Ngozi ya mnyama, hata iliyokaushwa na kuwambwa, haikosi maji ndani yake. Nyuzi zake huunyonya unyevu wa hewa wakati wa umande na wakati wa masika, na huutoa wakati wa ukame. Zikiupoteza unyevu hujikunyata. Lakini ngozi ya ngoma imeshikwa kwa vigingi pande zote, haina nafasi ya kusinyaa. Basi badala ya kusinyaa inakaza. Na kitu kilichokazwa hutetemeka upesi zaidi: mkazo wa ngozi ukiongezeka mara nne, mitetemo yake kwa sekunde huongezeka mara mbili, nayo ndiyo tunayoisikia kama sauti iliyopanda. Moto, kwa hiyo, kazi yake hapa ni kuyafukuza maji. Joto lenyewe hutaka kuitanua ngozi kidogo, kama kitabu kisemavyo, lakini mkunyato utokanao na kukauka huushinda utanukaji huo. Kitabu hakikusema uongo. Kilisema nusu ya jambo, na mtoto wa mpiga ngoma alikuwa ameishika nusu ya pili mkononi.

Hebu fikiri, ndugu msomaji, ni somo la namna gani lingepatikana siku ile! Mwalimu angeweza kusema: leteni ngoma tatu. Moja ipasheni moto. Ya pili iwekeni kivulini penye upepo mkavu, mbali na moto. Ikiwa ile ya kivulini nayo itakaza, hata kama ni polepole, basi tumejua kwamba joto si sababu ya lazima. Ya tatu ifungeni kwenye mfuko wa nailoni kabla ya kuisogeza karibu na moto, ili ipate joto bila kupoteza maji, halafu tusikilize. Hapo wangekuwa wamejifunza utanukaji, unyevu, mitetemo na namna ya kutenganisha sababu moja na nyingine, bila kutumia hata senti moja ya fedha za kigeni. Badala yake tulijifunza kucheka.

Asili ya kicheko hicho twaijua. Mkoloni alipotuletea shule alituletea pia mpaka: upande huu maarifa, upande ule mila. Maarifa yalikuwa katika kabati lenye kufuli, ndani ya chupa za kioo. Mila zilikuwa uwanjani, nazo ziliangaliwa siku za maonyesho. Tulipopata uhuru tulivunja mipaka mingi, na Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana ilipoanzishwa mwaka 1962 ngoma zilipewa heshima zilizokuwa zimenyimwa. Hata hivyo mpaka ule mmoja tuliuacha, tena tukaupaka rangi. Ngoma sasa yaheshimiwa, lakini yaheshimiwa kama ngoma tu: ya kuchezwa, ya kupigwa picha, ya kumlakia mgeni uwanja wa ndege. Fizikia nayo yaheshimiwa kabatini. Anayediriki kuupita mpaka huo huonekana ama ameidharau sayansi ama ameudharau utamaduni. Hii ni kasumba, na kasumba haikomi kuwa kasumba kwa sababu aliyeishika ni mwananchi.

Wapo walimu watakaotujibu kwamba maneno haya ni rahisi kuyasema kwa mtu asiyefundisha. Kwamba wao wana wanafunzi wengi, mtihani u karibu, na kabati lenyewe halina kitu ndani. Twakubali ugumu huo. Lakini mwalimu anayengoja masanduku kutoka ng'ambo ndipo aanze kufundisha kani na mwendo, je, shuleni alikuja kwa njia gani? Ikiwa alikuja kwa daladala, basi dereva alipokanyaga breki abiria wote waliosimama walisukumwa mbele, maana miili yao ilikuwa bado inaendelea na safari. Kondakta aliyewaambia washike bomba alikuwa anawakinga na jambo lile lile ambalo Newton aliliandika katika kitabu chake cha mwaka 1687. Njiani alimpita mama aliyejitwika ndoo ya maji juu ya ngata. Ile ngata haikuwekwa kwa urembo: huutandaza uzito wa ndoo juu ya eneo kubwa zaidi la kichwa, na kwa hiyo kanieneo hupungua. Na yale majani mawili matatu yanayoelea juu ya maji hutuliza mawimbi ndani ya ndoo, maji yasimwagike mama anapotembea. Kisimani palikuwa na kapi. Kabati limejaa, lakini lina ukubwa wa mtaa mzima, wala halina kufuli.

Jikoni pia pana mengi, na hapa tuna neno la kuwatetea mabibi harusi. Msichana wa Tanga aliyezoea kupika maharage ya mwambao, akiolewa Njombe, hujikuta maharage yale yale hayaivi kwa muda aliouzoea. Mawifi huanza kunong'ona. Ukweli ni kwamba maji huchemka mgandamizo wa hewa uliopo juu yake unaposhindwa kuuzuia mvuke, na kadiri tunavyopanda juu hewa hupungua. Tanga, kando ya bahari, maji huchemka kwenye digrii 100 za Selsiasi. Panapokaribia mita 2000 juu ya usawa wa bahari, kama ilivyo katika miinuko ya Njombe, huchemka kwenye digrii 93 hivi, na kuni ziongezwe kiasi gani, maji yanayochemka katika sufuria iliyo wazi hayatapanda zaidi ya hapo. Maharage hayajui kwamba maji yanatokota. Yajuavyo ni digrii tu. Wifi aliyesoma fizikia kidato cha tatu akashindwa kumtetea shemeji yake kwa hoja hiyo, cheti chake kina faida gani nyumbani?

Lakini tusidhani kwamba hasara ya kicheko ni maharage. Upo ushahidi mkubwa zaidi, nao unatoka katika nchi yetu wenyewe. Mwaka 1963 kijana Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Magamba. Yeye na wenzake walikuwa wakitengeneza aiskrimu: huchemsha maziwa, huyatia sukari, huyangoja yapoe, ndipo huyaweka katika jokofu la shule. Siku moja nafasi katika jokofu ilikuwa inakwisha. Mwenzake mmoja aliamua kuweka maziwa yake bila kuyachemsha. Mpemba, kwa kuogopa kukosa nafasi, aliyaweka yake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu walikwenda kutazama. Maziwa ya Mpemba, yale ya moto, yalikuwa yameganda; ya mwenzake yalikuwa bado ni uji mzito.

Alimwuliza mwalimu wake wa fizikia. Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Akanyamaza. Baadaye alikutana na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu mjini Tanga, naye akamwambia kwamba yeye huyaweka ya moto makusudi ili yagande upesi. Na kumbe wauzaji wengine wa Tanga walifanya vivyo hivyo. Tuzingatie hapo. Jambo ambalo mwalimu alisema haliwezekani, wachuuzi walikuwa wakilitumia kupata riziki yao.

Mpemba alipokwenda Mkwawa, Iringa, kuendelea na masomo, walifundishwa kanuni ya Newton kuhusu kupoa kwa vitu, naye akauliza tena. Mwalimu huyo wa pili hakutosheka kumwambia kwamba amekosea: alisema hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu siku hiyo, kila alipokosea hesabu, wenzake walimtania kwamba hiyo ni hisabati ya Mpemba. Kicheko kile kile cha darasani kwetu! Tofauti ni kwamba yeye hakuketi. Alipoikuta maabara ya biolojia iko wazi alichukua bilauri mbili, akatia katika moja maji ya bomba na katika nyingine maji ya moto, akaziweka katika jokofu, akajaribu mwenyewe.

Ndipo alipofika shuleni Dakta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Alikuja kuhutubia wanafunzi. Mpemba alinyosha mkono akauliza: ukichukua vyombo viwili vilivyo sawa, vyenye maji kiasi kile kile, kimoja kikiwa na digrii 35 na kingine digrii 100, ukaviweka katika jokofu, kile cha digrii 100 huganda kwanza; ni kwa nini? Wanafunzi wenzake wakacheka, kama ilivyokuwa desturi. Mgeni hakucheka. Alisema kwamba hajui, na kwamba akirudi Dar es Salaam atajaribu. Akajaribu kweli. Yule fundi wake wa maabara alimletea habari kwamba maji yaliyoanza yakiwa ya moto ndiyo yaliyoganda kwanza, akaongeza kwa moyo mzuri kwamba wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu lililo sahihi. Fundi naye alikuwa amesoma shule kama zetu.

Mwaka 1969 makala ya Mpemba na Osborne yalichapishwa katika jarida la Uingereza la ufundishaji wa fizikia, na tangu hapo jambo lile laitwa kwa jina la Mpemba duniani kote. Lile jina la mzaha likageuka kuwa jina la kitaalamu.

Lakini hatukisimulii kisa hiki ili tupige makofi tukalale. Hapa ndipo tunapoachana na baadhi ya wenzetu wanaodhani kwamba wako upande wetu. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza, Burridge na Linden, walichapisha matokeo ya majaribio waliyoyafanya kwa uangalifu, wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba maji ya moto huganda kwanza. Wakaonyesha kwamba kuisogeza pima-joto sentimita moja tu ndani ya chombo kwaweza kuleta matokeo ya uongo. Mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer, kule Kanada, walionyesha jambo linalofanana na hilo kwa kutumia chembe ndogo sana zilizo ndani ya maji. Ubishi unaendelea. Je, Mpemba ameaibika? Hata kidogo! Heshima yake haikutokana na kuwa mshindi wa ubishi. Ilitokana na kuona, kuuliza, kujaribu na kuuliza tena, hata wanasayansi wa dunia wakalazimika kupima kitu ambacho walidhani hakihitaji kupimwa.

Wenzetu tunaoachana nao hapa ni wale wasemao kwamba mababu zetu walijua fizikia yote, kwamba mfinyanzi ni mwanasayansi, nahodha ni mwanasayansi, na kwamba hatuna la kujifunza kwa mtu. Maneno haya ni matamu, hasa jukwaani. Lakini makofi yaweza kuliua swali kama kicheko kinavyoliua. Anayecheka asema: swali lako ni la kijinga. Anayepiga makofi asema: swali lako lilikwisha kujibiwa zamani. Katika hali zote mbili mtoto huketi chini.

Tuchukue mfano ulio mchungu. Katika sehemu nyingi za nchi hizi, mvua ya radi inapoanza watoto huambiwa wafunike vioo na wavue nguo nyekundu. Wazee hawakuyasema hayo kwa ujinga; waliona radi inaua, wakatafuta sababu kwa vyombo walivyokuwa navyo. Lakini radi haijali wekundu wa nguo. Umeme wa wingu hutafuta njia ya kufika ardhini, na mara nyingi huipitia ile iliyo ndefu kuliko vitu vilivyo jirani: mwembe, mnara, mtu aliyesimama peke yake katika uwanja wa mpira. Ukipiga mti hauishii mtini. Huruka kwa aliyejikinga chini yake, na husambaa ardhini, kiasi kwamba kati ya mguu mmoja na mwingine panakuwa na tofauti ya nguvu za umeme. Ndiyo maana ng'ombe, ambao miguu yao ya mbele na ya nyuma iko mbali, hufa kwa makundi. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi kabisa duniani. Mwezi Juni 2011, katika Shule ya Msingi Runyanya nchini Uganda, radi iliua wanafunzi 18 na mwalimu wao.

Mtoto anayejua kuhesabu hadi 30 aweza kufundishwa kujiokoa. Mwanga wa radi hufika machoni papo hapo. Ngurumo hutembea kama mita 340 kwa sekunde, yaani kilomita moja kwa sekunde tatu hivi. Akiona mwanga aanze kuhesabu. Ngurumo ikimfikia kabla ya 30, wingu liko ndani ya kilomita kumi, na wakati wa kuondoka uwanjani na chini ya mwembe umewadia; aingie katika nyumba imara au ndani ya gari lililofungwa. Sasa mwalimu achague: amcheke mtoto aliyefunika kioo, ampigie makofi kwa kudumisha mila, au amfundishe kuhesabu? Sisi tunajua ni lipi kati ya hayo litakalomwokoa, na tunajua pia kwamba hatafundishika na mtu aliyekwisha kumcheka.

Turudi kwenye jambo la amani zaidi, yaani mtungi. Ufinyanzi ni fahari yetu kweli. Wakisi wa mwambao wa Ziwa Nyasa wanasifika kwa vyungu vyao, na sifa hiyo wanaistahili. Ukimwuliza mtu wa kawaida kwa nini maji ya mtungini ni baridi, atakujibu kwamba udongo una ubaridi wake. Jibu hili lina heshima ya ukale, lakini jioni moja yatosha kulipima. Ufunike mtungi mzima kwa nailoni uuache mpaka asubuhi, maji hayatapoa kama yalivyozoea, ingawa udongo ni ule ule. Siri iko katika vitundu vidogo vya mtungi, ambamo maji hupenya, yakafika nje, yakageuka mvuke. Mvuke hauondoki bure: gramu moja tu ya maji ikigeuka mvuke huondoka na joto la kutosha kupoza zaidi ya nusu lita kwa digrii moja. Ndiyo sababu mtungi hutoa maji ya baridi zaidi Dodoma, penye hewa kavu, kuliko Dar es Salaam wakati wa masika, hewa inapokuwa imeshiba unyevu na haina nafasi ya mvuke mwingine. Ndiyo sababu pia ndoo ya plastiki, tuliyoukaribisha mtungi kutoka ili iingie, haipozi kitu.

Mfinyanzi alijua udongo upi unafaa, ukanyagwe vipi, uchomwe kwa kiasi gani ili mtungi uvuje jasho bila kuvuja maji. Huo ni ustadi mkubwa, na anayeudharau hajawahi kufinyanga. Hata hivyo ustadi hujibu swali la vipi, ukaishia hapo; haukutuambia ni gramu ngapi, digrii ngapi, wala kwa nini Dodoma si kama Pwani. Kazi hiyo ilibaki kwa ajili yetu. Kumwita mfinyanzi mwanasayansi ili tusiifanye kazi hiyo ni kumtumia bibi yetu kama kisingizio cha uvivu.

Linabaki suala la lugha, nalo tutaligusa kwa ufupi kwa sababu limesemwa sana na limetendwa kidogo. Mtoto hujifunza kupoa, kuganda, kukaza na kuchemka kwa Kiswahili katika shule ya msingi, halafu anapofika kidato cha kwanza huambiwa aviache vitu hivyo mlangoni pamoja na maneno yake. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari tangu mwaka 1985. Haikuwa hivyo, na hadi leo fizikia ya sekondari yafundishwa kwa Kiingereza. Tuliambiwa istilahi hazipo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikatoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, ikiwa na maneno mengi kuliko tunayohitaji hapa. Hatupingi Kiingereza kufundishwa, tena kifundishwe vizuri. Twapinga mtoto kukariri kwa Kiingereza jambo ambalo angeweza kulibishia kwa Kiswahili. Mtu hawezi kubisha kwa lugha anayoihofia, na fizikia bila ubishi hugeuka kuwa katekisimu.

Miaka mingi baada ya kumaliza shule tulikutana na mwenzetu yule wa kidato cha pili. Yeye sasa ndiye mpiga ngoma, amerithi kazi ya baba yake, na tulimkuta nyuma ya jukwaa kama kawaida, moto umewaka, ngoma zimeuzunguka. Tulijitambulisha, tukamwambia kwa fahari kidogo kwamba hatimaye tunalo jibu la swali lake: ni maji yanayotoka katika ngozi.

Alicheka, safari hii yeye.

"Hilo nalijua tangu zamani, ndugu zangu," akasema. "Mnaona mfuko huu wa nailoni? Siku za masika, ngoma ikishakubali motoni naifunga humu papo hapo, isinywe unyevu tena mpaka zamu yetu ifike. Nilichotaka mwalimu aniambie siku ile ni kiasi gani. Ngozi hii inapoteza maji kiasi gani ndipo sauti ifike hapa ninapoitaka? Ninyi mliosoma, ni kiasi gani?"

Tulitazamana. Katika vyeti vyote tulivyokuwa navyo hapakuwa na namba hiyo. Tulimwomba atuazime ngoma moja ndogo kabla hajaipasha moto, tukavuka barabara kwenda dukani kuomba mizani.